Kilima Kilichojificha Ndani ya Maji

Kifuniko cha tyubu ya rangi kilibingirika hadi kwenye mawe ya ukingoni, nikachuchumaa kukiokota. Uso wangu ukawa shubiri moja hivi kutoka majini. Nilipoinua macho kulitazama ziwa, kilima cha ng'ambo kilikuwa kimechomoza ndani ya maji, kichwa chini, kikipita vilele vya miti.

Nikasimama. Kikatoweka.

Nikachuchumaa tena. Kikarudi.

Kule juu, nchi kavu, hakuna kilichoingia wala kutoka: miti ileile kwenye ukingo wa pili, na nyuma yake kilima kilekile, kikionekana wazi nikiwa nimesimama au nimechuchumaa. Ni majini tu ambako kilima kilikuwa kikijificha nyuma ya miti na kujitokeza. Ziwa lilikuwa limetulia kabisa, kwa hiyo siwezi kusema ni mawimbi.

Wiki kadhaa sasa jambo hilo linanizunguka kichwani. Nimekuwa nikilifikiria mbele ya turubai na hata nikiwa mbali nalo, na kila nilipodhani nimelimaliza, lilinifungulia jingine.

## Jicho lililo chini ya maji

Njia ya kuchora ziwa inayozoeleka ni ile ya kukunja karatasi. Unachora ukingo, unageuza kila kilicho juu kichwa chini, unakipausha kidogo, basi. Inapendeza, na haraka haraka inatosha.

Ila maji hayafanyi hivyo.

Mwanga unaogonga maji tuli huruka kwa pembe ileile uliyoingia nayo. Matokeo yake ni kwamba taswira unayoiona majini ndiyo ambayo ingeonwa na jicho lililo chini ya uso wa maji, kwa kina kilicho sawa na kimo cha jicho lako juu yake, kisha ikapinduliwa. Ukisimama na jicho likawa mita 1.6 juu ya ziwa, jicho hilo la pili liko mita 1.6 chini. Nalo huitazama dunia kwa kuangalia juu. Huona uvungu wa gati, tumbo la mtumbwi uliofungwa, upande wa chini wa matawi yaliyoinamia maji. Huona vitu ambavyo wewe uliyesimama huvioni hata kidogo, kisha maji yanakuletea.

Nilikaa nikapiga hesabu, kwa sababu nilitaka kuamini. Tuseme miti ya ng'ambo ina kimo cha mita 8, nayo iko mita 60 kutoka ulipo. Nyuma yake kuna kilima cha mita 120, umbali wa mita 800. Kwa jicho la juu, kilele cha mti kimepanda mita 6.4 ndani ya mita 60, yaani karibu 11 kwa kila 100. Kilima kimepanda mita 118.4 ndani ya mita 800, karibu 15 kwa 100. Kilima kinaupita mti na unakiona. Sasa shuka kwenye jicho la chini. Kwake mti una mita 9.6 ndani ya mita 60, ambayo ni 16 kwa 100. Kilima kina mita 121.6 ndani ya 800, bado 15 tu. Mti umekimeza.

Ukichuchumaa, macho mawili yanakaribiana. Yanapokaribia kukutana kwenye uso wa maji, mandhari ya juu na ya chini hulingana, na karatasi iliyokunjwa inakuwa kweli. Mchoraji anayechora akiwa amelala kifudifudi ukingoni anaweza kukunja karatasi yake bila wasiwasi.

Hapo ndipo nilipoelewa vizuri pia tofauti kati ya kivuli na taswira. Kivuli hufuata jua. Watu wawili wakisimama mahali tofauti, kivuli cha mti kitabaki palepale kwa wote wawili. Taswira hufuata jicho, na kila mmoja ana yake. Tena kivuli huhitaji kitu cha kuangukia: juu ya maji yenye tope hukaa vizuri, ilhali juu ya maji maangavu hupita na kwenda kutua chini kabisa. Nimeona picha nyingi za maziwa ambamo viwili hivi vimechanganywa vikawa giza moja.

## «Nani atapima?»

Nilimsimulia haya rafiki yangu mmoja ambaye amechora muda mrefu kuliko mimi. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: «Ndugu yangu, nani atakuja na rula? Mtu anatazama picha, anaona maji, anafurahi. Inatosha.»

Neno lake lilinitia shaka kweli. Yeye si mvivu, na ninaijua kazi yake. Ana maji yanayokufanya utake kunawa uso. Kama yeye hajali lilipo jicho la chini, kwa nini mimi nijali? Au nimeanza kuchora hesabu badala ya ziwa?

Kwa siku kadhaa nilikaa upande wake.

Kilichonitoa huko ni majaribio mawili madogo niliyoyaweka pamoja ukutani. Rangi zilikuwa zilezile, miti ileile, kilima kilekile. Katika moja nilikunja karatasi. Katika lingine nilifuata jicho la chini, kilima kikajificha majini na kuonekana juu. Nikayatazama kwa mbali, nikayatazama tena asubuhi macho yakiwa mapya. Katika la kwanza, miti na kilima vilikuwa vimegandana, kama vilivyokatwa kwa mkasi mmoja kutoka karatasi moja. Katika la pili kulikuwa na nafasi. Unahisi kwamba ukivuka ziwa na kuipita miti, bado una mwendo mrefu kabla hujakifikia kilima.

Nilichelewa kuona sababu, ingawa tunatembea nayo usoni. Binadamu hupima umbali kwa sehemu kwa sababu ana macho mawili yaliyotengana sentimita 6 hivi, kila moja likiona kitu cha karibu kikiwa kimesogea kidogo mbele ya kitu cha mbali. Tofauti hiyo ndogo ndiyo ubongo unayoisoma kuwa kina. Sasa fikiria ziwa lililotulia. Linakupa mitazamo miwili ya mahali pamoja, mmoja kutoka juu na mwingine kutoka chini, na macho yake yametengana mita 3.2. Kilima kinachoonekana juu na kufichwa chini ni ushahidi kwamba kiko nyuma sana ya mti. Anayekunja karatasi anaufuta ushahidi huo kwa mkono wake mwenyewe.

Basi mtazamaji hahitaji rula. Haulizi, wala hatakwambia kasoro iko wapi. Anapata kina, au hakipati.

Mchoraji wa Uingereza J.M.W. Turner, aliyeteuliwa mwaka 1807 kuwa profesa wa elimu ya mtazamo (namna ya kuonyesha umbali katika picha) katika Royal Academy, chuo cha sanaa cha London, aliandaa kwa ajili ya mihadhara yake michoro ya tufe za kioo, nyingine zikiwa na maji ndani, kuonyesha mwanga unavyorudi na kupinda. Ananipa moyo sana. Mtu aliyeweza kuyeyusha bandari nzima ndani ya ukungu hakuona haya kukaa chini na kuchunguza tufe la kioo.

## Hewa nayo ni rangi

Niliporidhika na jicho la chini, kilima bado kilikuwa na deni. Nafasi ilikuwepo, lakini hewa ya kuijaza haikuwepo.

Leonardo da Vinci aliandika kwamba hewa iliyo kati yetu na vitu vya mbali huvipa ubuluu, na kwamba mchoraji anaweza kuonyesha umbali kwa kuuzidisha ubuluu huo. Mandhari iliyo nyuma ya Mona Lisa, maji na milima ikiyeyuka kuelekea buluu, ndiyo hiyo. Maelezo ya kisayansi yalikuja baadaye sana: mwaka 1871 mwanafizikia wa Uingereza, Lord Rayleigh, alionyesha kwamba chembe ndogo sana zilizo hewani hutawanya zaidi mwanga wa mawimbi mafupi kuliko wa mawimbi marefu. Mwanga wa buluu hutawanywa zaidi ya mara 4 ya mwekundu.

Wengi wetu huishia hapo: mbali ni buluu. Lakini hewa hufanya kazi mbili kwa wakati mmoja. Inaongeza na inapunguza. Kitu cheusi kilicho mbali hakitoi mwanga mwingi, kwa hiyo unachoona ni hasa ule mwanga wa buluu ulioongezwa njiani, na kilima chenye msitu kinakuwa cha samawati. Kitu cheupe kilicho mbali, kama wingu lenye jua karibu na upeo wa macho, kinatuma mwanga mwingi ambao hewa inaupunguzia buluu njiani. Hivyo wingu la mbali huelekea umanjano, hata rangi ya embe bivu. Ukilipaka buluu kwa sababu tu liko mbali, linasogea karibu na kuharibu anga lote.

Na pale ambapo hewa ina unyevu mwingi, matone ya ukungu ni makubwa kuliko chembe hizo, nayo hutawanya rangi zote karibu sawa. Ubuluu unapungua, weupe unaongezeka. Asubuhi juu ya ziwa mara nyingi iko hivi. Ukungu hukaa chini juu ya maji na kuvila vitu kuanzia miguuni, ndiyo maana kilima kinaweza kuwa na kilele kikali na tako lililopotea. Mchoraji wa China, Guo Xi, katika picha yake ya mwaka 1072 iitwayo *Majira ya Kuchipua Yaanzapo*, aliacha sehemu za ukungu zikiwa karibu tupu, hariri yenyewe ikafanya kazi. Milima yake haina miguu na bado ni mizito.

Kwa upande wa vitendo, ninachofanya ni hiki. Kwanza nachanganya rangi ya anga pale linapogusa upeo, na kuifanya nyingi, kwa sababu itaingia kila mahali. Kisha natengeneza giza langu kwa ultramarini, ile buluu nzito, na siena iliyochomwa, kahawia yenye wekundu. Hilo ndilo giza la mti wa karibu. Kwa miti ya ng'ambo nachota giza hilohilo na kuliongezea kidogo ile rangi ya anga. Kwa kilima naongeza zaidi, mpaka kibaki hatua mbili tatu tu kutoka anga lenyewe. Sichukui tyubu mpya kwa ajili ya vitu vya mbali. Kilima kikitoka kwenye giza moja na mti, na kikapauka kwa hewa moja na anga, vyote vinakuwa mahali pamoja.

Nakunja macho nusu ili kupima. Kama kilima bado kinanirukia, naongeza anga.

## Maji ya miguuni na maji ya mbali

Hapa ndipo palipo na utajiri zaidi, na ndipo ninaposikia watu wakizungumza kidogo.

Maji si kioo cha aina moja kutoka ukingo hadi ukingo. Ukitazama wima chini, miguuni pako, uso wa maji huakisi kama asilimia 2 tu ya mwanga. Kilichobaki kinazama, na wewe unaona mawe, mchanga, kijani cha mwani. Kadiri unavyotupa jicho mbali, pembe inavyolala, ndivyo maji yanavyozidi kuwa kioo. Kwa mtu aliyesimama na jicho kwenye mita 1.6, umbali wa mita 9 hivi maji yanaakisi karibu theluthi moja. Mita 60 mbele, kama ziwa limetulia, yanaakisi zaidi ya asilimia 80.

Rudi sasa kwenye mti wetu wa mita 8. Shina lake linaakisiwa palepale linapogusa maji, mita 60 kutoka kwako. Kilele chake hakiakisiwi huko. Mwanga wake unagonga maji mita 10 tu kutoka ulipo, ambako kiwango cha kuakisi hakifiki asilimia 40. Kwa hiyo taswira ya mti mmoja ina nguvu tofauti kutoka mwanzo hadi mwisho. Karibu na ukingo wa ng'ambo ni imara, karibu nawe inalegea, na ndani ya kilele cheusi rangi ya ziwa lenyewe inapenya, kahawia au kijani kulingana na maji yalivyo. Kilele hicho hicho ukikitazama muda mrefu unaweza kuona jiwe lililo chini yake.

Nilipolijua hili niliacha kuchora taswira ya mti kwa rangi moja.

Kanuni inayosikika sana, kwamba vitu vyeusi huwa vyepesi kidogo majini na vyeupe huwa vizito kidogo, inatokana na mambo hayahaya. Giza linapokea mwanga wa ziwa, nao weupe unapoteza sehemu inayozama. Tofauti kati ya giza na nuru inapungua pande zote mbili. Ukiishika kanuni bila sababu yake, utaitumia sawasawa kila mahali na maji yatasimama wima kama ukuta. Ukijua sababu, utaikoza karibu nawe na kuilegeza mbali, na maji yatalala.

Anga nalo linapinduka. Juu, sehemu iliyo karibu na upeo ndiyo nyeupe zaidi, na utosini ni buluu nzito. Majini, weupe uko ng'ambo na uzito unakuja kwako. Ongeza kile kinachozama miguuni, na sehemu ya mbele ya picha inastahili kuwa nzito kuliko tunavyothubutu kuipaka.

Mchoraji wa Ufaransa Claude Monet, katika picha zake za maua ya majini, aliondoa ukingo na upeo kabisa. Katika vyumba viwili vya umbo la yai vya jumba la makumbusho la Musée de l'Orangerie huko Paris, vilivyofunguliwa mwaka 1927, miezi michache baada ya kifo chake, anga halipo ila ndani ya maji. Nilikuwa nikidhani ni suala la urembo tu. Sasa naona alichokiondoa: mahali pa kusimama. Bila ukingo wa pili huna cha kulinganisha juu na chini, jicho la chini linabaki peke yake, na unaelea. Ni uamuzi mkubwa, na alijua anachokifanya. Ila anayetaka mtazamaji asimame ukingoni na kuhisi ng'ambo iko mbali, lazima ampe ukingo huo.

## Upepo

Hakuna ziwa linalotulia muda mrefu kama mchoraji anavyotaka.

Mawimbi madogo huvuta taswira wima, kuja kwa mtazamaji. Kila kiwimbi ni kioo kidogo kilichoinama, na vilivyo vingi vinakamata shina hilohilo la mti kwa pembe tofauti tofauti, ndiyo maana nguzo fupi inaweza kuwa na taswira ndefu iliyokatikakatika. Upana hauongezeki sana. Kwa hilo ninatumia brashi pana, laini na kavu, rangi ikiwa bado mbichi: naivuta wima kutoka ukingo wa ng'ambo kuja chini, kisha naipitisha mara moja kwa ulalo bila kukandamiza. Ukipitisha mara nyingi unapata tope.

Upepo wa kipande kimoja ni jambo jingine. Unagusa sehemu tu ya ziwa, unaikwaruza, na hapo taswira inakatika. Badala ya mti mweusi unaona ukanda wa nuru, kwa sababu viwimbi vimeinama na kuleta mwanga wa anga la juu zaidi. Mchoraji Akseli Gallen-Kallela wa Finland aliujenga mchoro mzima juu ya hilo. *Ziwa Keitele*, la mwaka 1905, lililoko National Gallery ya London, lina mikanda ya kijivu cha fedha inayopita kwa mshazari juu ya taswira ya kisiwa na mawingu. (Mwaka 1909 huyohuyo alihamia Nairobi na familia yake, akachora huko mandhari yenye jua ambayo hayafanani kabisa na Keitele.) Mikanda ile inavunja kila kitu ambacho nimekuwa nikikipigania hapa, taswira, jicho la chini, hesabu zote, na bado ndiyo inayolilaza ziwa lake chini. Niliitazama muda mrefu nikijiuliza kwa nini.

Jibu langu kwa sasa ni kwamba taswira hukuonyesha vilivyo nje ya maji, na ukanda wa upepo hukuonyesha maji yenyewe. Bila hata ukanda mmoja, jicho linazama ndani ya taswira na kusahau kuwa kuna uso. Kwa hiyo nauhitaji, ila siukubali ule mstari mweupe unaopigwa mwishoni ili picha imeremete, mnene na sawasawa kutoka pembe hadi pembe. Mstari huo unasimama wima mbele ya picha.

Ukanda wa upepo unatii umbali kama kitu kingine chochote kilicholala. Eneo la mita 10 lililokwaruzwa, kuanzia mita 40 hadi mita 50 kutoka kwako, litaonekana jembamba kiasi cha sehemu moja ya 17 ya kimo cha mti wetu wa ng'ambo. Eneo la mita moja tu, lililo kati ya mita 5 na mita 6, litaonekana nene zaidi ya mara 6 ya hilo. Tena la mbali limepita kwenye hewa, kwa hiyo halistahili weupe mtupu. Nalipaka kwa ile rangi ya anga ya kwenye upeo niliyoichanganya mwanzo, kwa makali ya kisu, mpigo mmoja, na silirudii.